Amani Ilipoingia Sokoni: Marekani, 1945–1949

Siku ya Jumanne, tarehe 14 Agosti 1945, ilipotimu saa moja ya jioni mjini Washington, Rais Harry Truman aliwaita waandishi wa habari katika afisi yake, akawasomea taarifa fupi kwamba Japani imesalimu amri, na waandishi wale walitimua mbio kuziwahi simu. Usiku ule mjini New York halaiki ya watu waliokisiwa kufika milioni mbili ilijaa katika uwanja wa Times Square na njia zinazouzunguka, watu wasiojuana wakikumbatiana kama ndugu waliopoteana. Wafanyakazi wa serikali wakapewa siku mbili za mapumziko. Hayo ndiyo yaliyopigwa picha, na picha zake zingali zikionekana hata leo. Lakini kesho yake ilitoka habari nyingine, isiyo na shangwe wala tarumbeta, ambayo kwa mtu mwenye nyumba na watoto huenda ilikuwa na uzito zaidi, nayo ni kwamba mgawo wa petroli umeondolewa. Mwenye gari aliyezoea kupimiwa galoni chache kwa juma aliweza kufika penye pampu akasema maneno mawili ambayo hakuyasema kwa muda wa miaka: jaza tangi.

Ili kuifahamu furaha hiyo yapasa kukumbuka hali iliyotangulia. Tangu Februari 1942 viwanda vya magari viliacha kuunda magari ya raia, vikashika kazi ya vifaru, malori na ndege. Sukari ilianza kutolewa kwa kadi Mei 1942, viatu vikafuata mwaka 1943, kisha nyama, siagi na vyakula vya mikebe. Walakini vita hiyohiyo iliyoigeuza miji ya Ulaya na Asia kuwa vifusi iliwatoa Wamarekani katika dhiki ya kukosa kazi iliyowaandama tangu mwaka 1929. Viwanda viliajiri wanaume kwa wanawake, usiku na mchana, na kwa kuwa cha kununua hakikuwapo, ujira wao ulirundikana katika benki na katika hati za mkopo wa vita, hata akiba yao ikapita dola bilioni mia moja. Basi raia waliingia katika amani hali mifuko yao imejaa na maduka yao ni matupu, na nionavyo mimi, mambo mengi ya miaka ile, migomo yake, foleni zake na hata uchaguzi wake, yalitoka katika pengo hilo.

Msomaji wa pwani yetu atapenda kujua thamani ya fedha yenyewe. Pauni ya Kiingereza, ambayo ndiyo shilingi 20 za Afrika Mashariki, ilibadilishwa siku zile kwa dola 4 na senti 3, kwa hiyo dola moja ilikuwa kama shilingi 5, na senti 5 za Kimarekani, sarafu waiitayo nikeli, ilikuwa kama robo shilingi ya kwetu. Kwa nikeli moja mtu wa New York alipanda reli ya chini ya ardhi akazunguka mji mzima, au alinunua chupa ya Coca-Cola, au alipiga simu katika kibanda cha njiani. Stempu ya barua ilikuwa senti 3. Mkate wa ratili moja mwaka 1945 ulikuwa kama senti 9, ratili ya kahawa senti 30, na ratili ya nyama nzuri ya paja la ng'ombe kama senti 41. Kima cha chini cha ujira kwa sheria ya taifa kilikuwa senti 40 kwa saa, na mfanyakazi wa kiwandani kwa wastani alichukua dola 44 hivi kwa juma. Atakayezitazama bei hizo kwa macho ya leo atasema ilikuwa pepo. Lakini bei bila ujira ni nusu ya habari, na tena bei iliyoandikwa ukutani si bei ya kitu ambacho hakipo dukani.

Watu milioni 12 walikuwa katika sare za jeshi vita ilipokwisha, na kila mmoja alitaka kurudi kwao siku ileile. Januari 1946, walipoona meli zinakawia, maelfu ya askari waliokuwa Manila waliandamana njiani wakidai kurudishwa, jambo ambalo katika jeshi lolote la dunia laweza kuitwa uasi, wala halikuadhibiwa kama uasi. Waliorudi walikuta wamewekewa sheria iliyotiwa sahihi na Rais Roosevelt tarehe 22 Juni 1944, ambayo ilimpa askari ada ya chuo mpaka dola 500 kwa mwaka pamoja na masurufu ya kila mwezi, mkopo wa nyumba uliodhaminiwa na serikali, na kwa asiye na kazi dola 20 kwa juma hata majuma 52. Mwaka 1947 karibu nusu ya wanafunzi wote wa vyuo vikuu walikuwa askari wa zamani, watu wazima wenye wake na watoto, wakikaa darasani pamoja na vijana waliotoka shuleni jana. Askari wetu wa KAR, jeshi la Kiingereza la Afrika Mashariki, waliorudi kutoka Burma wakati uleule hawakuandikiwa haki ya namna hiyo, nami nalitaja jambo hili kwa kuwa ni kweli, si kwa husuda.

Ila nyumba hazikuwapo. Ujenzi wa nyumba za raia ulikuwa umelala tangu zama za dhiki, na vita ikauzika kabisa. Watu waliishi kwa wakwe zao, familia mbili katika vyumba vitatu. Wengine walilala katika mabehewa makuukuu ya tramu yaliyouzwa kuwa makazi. Mjini Los Angeles, katika bustani kubwa ya Griffith Park, serikali ya mji ilisimamisha vibanda 750 vya mabati vya umbo la nusu duara, vile vilivyobuniwa kwa jeshi la majini, ikaviita kijiji cha Rodger Young kwa jina la askari aliyekufa vitani, na kuanzia Aprili 1946 maelfu ya watu walikaa humo, kila kibanda kikigawanywa kwa ukuta katikati ili kitoshe familia mbili.

Wakati huo wafanyakazi nao walikuwa na hesabu yao. Malipo ya saa za ziada yalikwisha pamoja na vita, mkoba wa Ijumaa ukawa mwepesi, ilhali gharama ya maisha haikupungua. Tarehe 21 Novemba 1945 wafanyakazi wa General Motors waligoma, na kiongozi wao, Walter Reuther, alidai nyongeza ya asilimia 30, na zaidi ya hapo, jambo lililowaudhi wenye kampuni kuliko nyongeza yenyewe, alitaka itolewe bila ya kuongeza bei ya magari, akasema kama kampuni haiwezi basi ifungue vitabu vyake vya hesabu. Vitabu havikufunguliwa. Mgomo ulidumu siku 113, ukaisha kwa nyongeza ya senti 18 na nusu kwa saa. Januari walitoka wa chuma, watu 750,000. Aprili wakatoka wa makaa ya mawe chini ya John L. Lewis, Mei wakatoka wa reli, na Truman, ambaye chama chake kiliwategemea wafanyakazi, alisimama mbele ya Kongresi kuomba idhini ya kuwaingiza wagomaji jeshini kwa nguvu. Mwaka 1946 waliogoma walipita milioni nne na nusu. Kongresi iliyofuata ililipa kisasi kwa sheria ya Taft-Hartley ya Juni 1947, iliyovifunga vyama vya wafanyakazi kamba nyingi.

Sasa nifike penye nyama, maana hapo ndipo bei ilipoingia katika siasa. Wakati wa vita bei ziliwekwa chini ya idara iliyojulikana kwa herufi zake, OPA, ambayo ilipanga bei ya juu ya karibu kila kitu, kuanzia kodi ya chumba hata ratili ya ini, na maelfu ya watu wa kujitolea walikaa katika halmashauri za mitaa kusikiliza malalamiko ya wenye maduka na wanunuzi. Mgawo wa nyama na siagi uliondolewa Novemba 1945, lakini bei ya juu ilibaki, na wafanyabiashara, hasa wa viwanda na wa machinjio, walitumia fedha nyingi katika magazeti kuwashawishi watu kwamba idara hiyo ikifa bidhaa zitafurika na bei zitashuka zenyewe. Kongresi ikatunga sheria dhaifu ya kuirefusha. Truman akaikataa tarehe 29 Juni 1946. Na kesho yake usiku udhibiti wote ukakoma.

Mwezi wa Julai uliofuata gharama ya maisha ilipanda karibu asilimia 6 kwa mwezi mmoja tu. Wenye ng'ombe, walioona mlango umefunguliwa, walipeleka mnadani kila mnyama, mnono na aliyekonda, wauze kabla mlango haujafungwa tena. Na kweli ulifungwa: mwisho wa Julai sheria mpya ilipita, na katika Agosti bei ya juu ya nyama ikarudishwa. Hapo wafugaji wakazuia mifugo yao malishoni. Septemba ikafika na bucha hazina nyama. Wachinjaji wa Chicago, mji uliokuwa ukichinja kwa nchi nzima, wakaachishwa kazi. Maduka mengi ya nyama mjini New York yakafunga milango. Na mwenye kiu ya nyama aliijua njia ya nyuma, ambako mwuzaji alimtolea kifurushi kwa bei isiyoandikwa popote. Taifa lililoshinda vita katika bahari mbili halikuweza kumpatia mwashi wake kipande cha nyama ya Jumapili. Tarehe 14 Oktoba Truman alinena katika redio, akawalaumu wenye mifugo kwa maneno makali, kisha akaondoa udhibiti wa bei ya nyama, maana hakuwa na la kufanya. Nyama ikarudi, lakini ikarudi na bei mpya. Methali yetu yasema mpanda ngazi hushuka, na bei ya nyama haikuijua methali hiyo: ratili iliyokuwa senti 41 mwaka 1945 ilifika senti 75 mwaka 1947, na mwaka 1948 ikawa senti 90.

Wapiga kura hawakumsamehe. Chama cha Republican kiliuliza swali fupi tu, kama watu wamechoka, na tarehe 5 Novemba 1946 watu wakajibu kwa kukipa mabaraza yote mawili ya Kongresi, ambayo hakikupata kuyashika pamoja kwa zaidi ya miaka 15. Miongoni mwa walioingia mara ya kwanza walikuwamo vijana wawili waliotumikia jeshi la majini, Richard Nixon wa California na, kwa chama cha Truman, John Kennedy wa Massachusetts. Baada ya siku chache udhibiti uliosalia uliondolewa, isipokuwa kwa kodi za nyumba, sukari na mchele. Sukari ilikuwa ya kwanza kuingia katika kadi na ya mwisho kutoka, Juni 1947.

Si nyama peke yake iliyopangiwa foleni. Nailoni, ambayo wakati wa vita ilishonewa parachuti, ilirudi kuwa soksi za wanawake kidogokidogo, na mjini Pittsburgh, Juni 1946, wanawake wapatao 40,000 walijipanga kwa ajili ya jozi 13,000 tu, wakavutana nywele. Hakuna kioja kinachonifurahisha zaidi kuliko cha kalamu. Tarehe 29 Oktoba 1945 duka la Gimbels la New York lilianza kuuza kalamu yenye gololi ndogo mdomoni, iliyosifiwa kwamba yaweza kuandika hata chini ya maji, kwa dola 12 na nusu, yaani ujira wa siku kadhaa wa mtu wa kima cha chini. Nazo zilinunuliwa kwa maelfu siku ya kwanza, ingawa zilivuja wino na kukwama. Haikupita miaka mitatu kalamu za namna hiyo zikauzwa chini ya nusu dola. Sijui ni nani aliyekuwa na haja ya kuandika chini ya maji, ila fedha iliyolala miaka minne hutafuta pa kwenda.

Nyingi ya fedha hiyo ilikwenda sinema. Mwaka 1946 watu kama milioni 90 walikata tikiti kila juma, katika nchi yenye watu milioni 141, na hesabu hiyo haikupata kupitwa tena. Kwa senti 40 hivi mtu alipata picha mbili ndefu, katuni, picha za habari za juma, na katika majumba makubwa hewa baridi ya mashine, ambayo wakati wa joto kali ilitosha peke yake kuwa sababu ya kwenda. Katika majimbo ya kusini Mweusi alilipa fedha yake akapandishwa roshani ya juu. Picha iliyowagusa watu kuliko zote ilitoka Novemba 1946, ile ya William Wyler iitwayo The Best Years of Our Lives, juu ya askari watatu wanaorudi katika mji wao na kukuta kila kitu mahali pake isipokuwa wao wenyewe. Mmoja wao aliigizwa na Harold Russell, asiyekuwa mwigizaji kwa kazi, aliyepoteza mikono yote miwili katika ajali ya mazoezi ya jeshi, na watazamaji walipomwona akiwasha sigara kwa kulabu zake za chuma walijua kwamba hapa hakuna kuigiza. Picha hiyo ilipewa tuzo saba za Oscar, na Russell akaongezewa ya heshima.

Nyumbani redio ndiyo iliyotawala. Nyumba tisa katika kila kumi zilikuwa nayo. Mchana ilisimulia hadithi za mapenzi na machozi zilizogharimiwa na watengenezaji sabuni, jioni ya Jumapili Jack Benny aliwachekesha watu kwa ubahili wake wa kubuni, kisha Walter Winchell akawamwagia habari na fitina kwa kasi ya bunduki ya rashasha. Televisheni ilikuwa kitu cha watu wachache. Mwanandondi Joe Louis alipompiga Billy Conn katika raundi ya nane, tarehe 19 Juni 1946 katika uwanja wa Yankee, tikiti za karibu na ulingo ziliuzwa dola 100, na pambano lilionyeshwa kwa televisheni, ingawa nchi nzima haikuwa na seti ila elfu chache. Wenye baa ndio walioona mbali, wakanunua seti wakaziweka juu ya kaunta, na fainali za besiboli za mwaka 1947, Yankees na Dodgers, zilitazamwa na watu wasiopungua milioni tatu ambao wengi wao walikuwa na bilauri ya bia mkononi. Katika timu ya Dodgers alikuwamo Jackie Robinson, Mweusi wa kwanza wa karne ile kucheza katika ligi kuu, aliyeingia uwanjani Brooklyn tarehe 15 Aprili 1947, akavumilia matusi ya msimu mzima bila kujibu, kwa kuwa hilo ndilo sharti alilowekewa na Branch Rickey aliyemsajili.

Kuhusu habari, magazeti yalikuwa riziki ya kila siku: Daily News la New York liliuza nakala zaidi ya milioni mbili kwa siku na zaidi ya milioni nne kila Jumapili. Wachukuzi wa magazeti walipogoma Julai 1945, kwa siku 17, Meya La Guardia aliketi mbele ya kipaza sauti cha redio ya mji akawasomea watoto hadithi zao za katuni kwa sauti na ishara zote, na huenda hakuna amri yake iliyompatia mapenzi zaidi ya hayo. Lakini redio ilileta na habari ambazo magazeti mengi yangependa kuzipitia kando. Tarehe 12 Februari 1946 sajini Isaac Woodard, Mweusi, aliachiliwa kutoka jeshini katika jimbo la Georgia, akapanda basi kwenda kwao hali angali katika sare yake. Akabishana na dereva, akashushwa Batesburg, South Carolina, na mkuu wa polisi wa mji ule akampiga hata macho yake yote mawili yakapofuka. Orson Welles, mwigizaji mashuhuri, aliitwaa habari hiyo katika kipindi chake cha redio, juma baada ya juma, akiahidi kumfuata mtenda tendo mpaka ajulikane jina. Jina likajulikana, kesi ikafanywa, na baraza la wazee wa mahakama, Weupe wote, likamwachilia mshtakiwa kwa muda usiofika nusu saa. Truman alipopata habari hizi aliunda halmashauri ya haki za raia Desemba 1946, na tarehe 26 Julai 1948 akatoa amri ya kukomesha ubaguzi katika majeshi.

Nyumba nazo zilianza kupatikana. Kampuni ya Levitt ilinunua mashamba ya viazi katika kisiwa cha Long Island, ikajenga kama kiwanda kinavyounda magari, kila kundi la mafundi likipita nyumba hata nyumba kufanya kazi moja tu, na tarehe 1 Oktoba 1947 familia za kwanza za askari wa zamani zikahamia kwa kodi ya dola 60 kwa mwezi. Mwaka 1949 nyumba ya hapo iliuzwa dola 7,990, ikiwa na jiko na jokofu lake ndani. Mkataba wa kupanga ulikataza nyumba hizo kukaliwa na yeyote asiye Mweupe, isipokuwa watumishi wa ndani. Mei 1948 Mahakama Kuu ya nchi iliamua kwamba masharti ya namna hiyo hayawezi kutekelezwa na mahakama yoyote. Maneno yakafutwa katika mikataba, desturi ikabaki, na askari Mweusi aliyepigana vita ileile aliendelea kurudishwa mlangoni.

Neema ya Wamarekani ilianza pia kuombwa na wengine. Ulaya ilikuwa na njaa, na tarehe 5 Oktoba 1947 Truman alihutubia kutoka Ikulu kwa televisheni, mara ya kwanza kwa rais yeyote kufanya hivyo, akiwaomba raia wasile nyama Jumanne wala kuku na mayai Alhamisi ili nafaka ivuke bahari. Alionwa na wachache. Wengi walimsikia katika redio.

Tarehe 1 Julai 1948 nauli ya reli ya chini ya ardhi ya New York, iliyokuwa nikeli moja tangu reli hiyo ilipofunguliwa mwaka 1904, ilipandishwa ikawa senti 10. Mkate wa ratili ulikuwa umekaribia senti 14. Kima cha chini cha ujira kilikaa palepale penye senti 40 mpaka Januari 1950, kilipofanywa senti 75. Mwaka 1949 biashara ilipoa na bei zikapungua kidogo, wanunuzi wakatumaini. Lakini bei za mwaka 1945 hazikurudi tena.